Siku moja na gari lenye oili ndani ya rejeta

Saa 1:15 asubuhi

Gari lilikuwa karakanani tangu jana jioni na sasa limepoa kabisa. Hivyo ndivyo nilivyomwomba mwenye gari: alilete jioni, lipoe usiku kucha, tulifungue asubuhi. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Mfumo wa kupozea ukiwa na shinikizo la bar 1, hata maji matupu hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 120, na yakichanganywa na kulanti, ile dawa ya kupozea injini, hupanda zaidi ya hapo. Ukifungua ghafla shinikizo linaondoka, na yale maji yanakurukia usoni yakiwa yanachemka. Kijana ninayemfundisha kazi nilimwambia haya siku aliyoingia, na bado namkumbusha.

Tukafungua. Kuta za tangi la akiba la maji ya rejeta zilikuwa na utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, na mpira wa kifuniko umevimba hadi umetoka kwenye mfereji wake. Nilisugua ule utando kati ya vidole viwili. Unateleza na hautaki kusuguliwa ukaisha. Kutu haiko hivyo. Kutu ina chenga. Nikachota sampuli kwenye chupa ya kioo na kuiweka dirishani itulie.

Saa 2:00

Mwenye gari akafika, mtu mzima, mwenye wasiwasi usoni. Ameshaambiwa kwingine kwamba gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ya kuziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, imeungua na hedi, yaani hicho kichwa, lazima ishuke.

"Mzee, gari lilishawahi kuchemka?"

"Hapana, fundi. Mshale wa joto haujawahi kupita katikati."

"Kuna mtu aliyeongeza chochote kwenye rejeta?"

"Maji tu, tena mimi mwenyewe."

Maswali haya mawili nayathamini kuliko vifaa vingi. Injini nyingi zinazounguza gasketi huwa zimechemka kwanza. Na kuna magari yanayoletwa na "oili kwenye rejeta" kumbe mtu alikosea tundu akamimina oili kwenye tangi la akiba, au alitia dawa ya kuziba matundu ya rejeta, au alichanganya kulanti za aina mbili zisizopatana zikagandiana. Yote hayo ukiyatazama kwa juu yanafanana.

Nikamwambia mzee kwamba kwa rangi ya tangi peke yake hakuna anayeweza kusema hedi ishuke. Tupime kwanza.

Saa 2:40

Kijiti cha oili. Kiwango kimeshuka kidogo, oili yenyewe ni safi, haina weupe wala povu. Kuna kipimo cha haraka ninachokipenda: unapasha moto kipande cha bati, unadondosha tone moja la oili ya injini juu yake ukiwa umevaa miwani ya kazi. Oili yenye maji hutatarika. Hii ilitandaa kimya na kutoa moshi mwembamba.

Kwa hiyo oili imeingia kwenye maji, lakini maji hayajaonekana kwenye oili. Kijana akauliza inawezekanaje, tundu si moja? Hapa ndipo palipo na utambuzi wote, na nilikaa naye muda mrefu kwenye hili.

Injini ikiwa inafanya kazi mwendo wa barabarani, oili inasukumwa na pampu kwa shinikizo la bar 3 au 4, wakati maji ya kupozea yako kwenye bar 1 na ushei. Palipo na ufa kati yao, mwenye nguvu ndiye anayeingia kwa mwenzake. Ukizima injini, shinikizo la oili linaanguka mara moja, lakini maji ya moto bado yamebanwa kwa muda, na hapo kidogo yanaweza kurudi upande wa oili. Basi gari lenye oili nyingi kwenye maji na oili safi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, linakuonyesha pa kutafuta: mahali ambapo oili yenye shinikizo inapita jirani kabisa na maji.

Mahali hapo si pengi. Kipo kipoza oili, kile kinachokaa kwenye kishikio cha filta, ambamo oili na maji vinatenganishwa na mabati membamba. Kuna gasketi ya hedi, pale njia ya oili inapopanda kutoka kwenye bloku, mwili wa injini, kwenda kulainisha kemshafti, ekseli inayofungua vali. Na kuna ufa kwenye hedi au bloku yenyewe. Gari la gia otomatiki lina nafasi nyingine, kwa kuwa mengi hupozea oili ya gia ndani ya rejeta. Oili ile aghalabu ni nyekundu, na ikichanganyika na kulanti huleta utando wa waridi.

Saa 3:30

Chupa ya dirishani imejitenga. Chini maji machafu, katikati ule utando, na juu pete nyembamba ya oili ya kahawia. Niliinyanyua kwenye mwanga nikaizungusha taratibu: hakuna wekundu. Oili ya gia tukaiangalia pia, safi. Ningeipata na maji hali ingekuwa mbaya, maana kulanti huharibu sahani za msuguano ndani ya giaboksi, na mzee angekuwa na matengenezo mawili badala ya moja.

Saa 4:15

Kipimo cha gesi. Tulipunguza maji kidogo ili yasinyonywe na chombo, tukawasha injini, tukavuta hewa ya juu ya rejeta ipite kwenye dawa ya buluu. Gesi ya mafuta yanayoungua ndani ya silinda ina kaboni dayoksaidi, na ikiwepo dawa hugeuka manjano kwa injini ya petroli. Yetu ilibaki buluu. Hakukuwa na mapovu, wala mipira ya kupitisha maji haikukakamaa baada ya kuwasha.

Hapa wengi hufurahi mapema. Buluu inasema gesi ya silinda haiingii kwenye maji, basi. Gasketi inaweza kuwa nzima kuzunguka silinda na ikawa imekatika pale kwenye njia ya oili. Haijaondolewa kwenye orodha, imeshuka nafasi tu.

Saa 5:00

Tukabana mfumo wa maji kwa pampu ya mkono hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko. Mshale ukakaa palepale. Sikushangaa, bati lenye tundu la sindano linaweza kuvumilia bar 1 likiwa baridi na kushindwa bar 4 likiwa la moto.

Wakati tunasubiri alikuja dada mmoja na gari lenye povu jeupe chini ya kifuniko cha oili, amekosa usingizi kwa ajili yake. Kulanti yake safi, kiwango hakijashuka, kijiti hakina weupe. Gari lake linakwenda safari fupi tu, injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, mvuke unagandia kifunikoni. Nilimshauri aliendeshe mwendo mrefu kisha aangalie tena, na aendelee kufuatilia kiwango cha maji. Aliondoka bila kufunguliwa hata nati moja.

Saa 6:30 mchana

Kipoza oili kikatoka. Bolti chache, filta, mipira miwili ya maji. Kukitoa ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kushusha hedi, na hiyo ndiyo sababu kinatangulia.

Tuliziba njia moja ya oili kwa kipande cha mpira na bati, nyingine tukaiunga na kompresa iliyopunguzwa hadi bar 3, tukakizamisha kwenye ndoo ya maji ya moto. Mwanzoni hakuna kitu. Nikamwambia kijana asikitikise, aache mapovu ya juu juu yaishe. Baada ya muda, kwenye mdomo wa bomba la maji, likatoka povu moja dogo, likakaa ukingoni, likaachia. Kisha lingine. Kisha ukawa mnyororo mwembamba usiokatika. Hewa tuliyoitia upande wa oili inatokea upande wa maji.

Nilimwita mzee aje aone mwenyewe. Alisimama juu ya ile ndoo kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akauliza, "Kwa hiyo hedi haishuki?"

"Hatuna sababu ya kuishusha, mzee. Tundu tumeliona."

Saa 8:00

Kipoza kipya na oringi zake, pete za mpira za kuzibia, vimefungwa. Sasa kusafisha, kazi ndefu kuliko zote na ndiyo inayorukwa zaidi. Ukiacha oili ndani, baada ya muda utando unarudi na mteja anaamini ulimdanganya.

Tulitoa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto, ili maji yazunguke yote, tukajaza maji na sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo, ile isiyotoa povu, hita ya ndani ikiwa wazi hadi mwisho. Injini ipate moto, izimwe, ipoe, imwagwe, irudiwe. Tangi la akiba tulilitoa na kuliosha pembeni. Petroli au mafuta ya taa siyaruhusu kabisa kwa kazi hii: yanashambulia mipira, na petroli karibu na injini ya moto ni hatari ya kuungua.

Mipira nayo. Niliibinya mmoja mmoja. Ule wa juu ulikuwa laini kama umepikwa, umevimba karibu na klempu, na ndani unanata. Mipira ya maji haikutengenezwa kustahimili oili, na ikishaloa nguvu yake hairudi. Yote ikaandikwa kubadilishwa, pamoja na themostati na kifuniko.

Saa 11:00 jioni

Maji yanatoka safi. Oili ya injini na filta tukabadilisha hata kama vilionekana safi, kwa sababu ya yale maji yanayoweza kurudi injini ikizimwa. Kulanti kidogo tu inatosha kuumiza beringi.

Kuna jambo moja kwenye kujaza. Baada ya kuosha, maji mengi hubaki ndani ya bloku. Ukimimina kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu unapata mchanganyiko mwepesi. Mfumo huu unachukua lita 6, basi tulitia kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, tukamalizia kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, tukatoa hewa, tukapima ukali wa mchanganyiko kwa kifaa kiitwacho refraktomita.

Saa 12:10

Tumelijaribu barabarani. Joto limetulia, hita inapuliza moto, chini ya gari pakavu. Nilimwambia mzee aangalie tangi la akiba kila asubuhi injini ikiwa baridi, kwa wiki mbili. Mng'ao mdogo wa oili siku za mwanzo unaweza kuwa mabaki, nao atauondoa kwa karatasi. Ukiongezeka badala ya kupungua, au kiwango cha oili kikishuka, alirudishe bila kungoja, na hapo ndipo tutakapozungumza habari za hedi.