Nilivyomnyoa Mwinjilisti mwaka wa mgao

Mwaka 2006 mi nilikuwa kinyozi Kwa Sadala, kule Hai, Kilimanjaro, na wanaoukumbuka ule mwaka wanajua kinyozi alikuwa anaishije. Mvua ziligoma, bwawa la Mtera likashuka, umeme ukawa wa mgao, unarudi usiku watu wamelala alafu unakata asubuhi wateja wakianza kuja. Wenye uwezo walinunua jenereta wakawa wananyoa kwa kelele na moshi wa petroli. Mi nilikuwa na mashine mbili, kioo, stuli na redio ya betri, basi, ndo ofisi yote hiyo.

Hiyo redio ilikuwa inapiga bongo fleva kutwa na ilishaniletea maneno na mlokole mmoja wa pale senta. Kila akipita ananiambia kijana achana na mambo ya dunia njoo umtumikie Mungu, na mi moyoni nilikuwa nakubaliana naye kiaina. Kanisa sikuacha, Jumapili nipo benchi la nyuma kwenye mtaa wetu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, mfukoni kukiwa na kitu nanunua mayai au ndizi narudi nyumbani. Lakini kichwani nilishagawa watu mafungu mawili, kuna wa Mungu, yani mchungaji, mwinjilisti, wanakwaya, alafu kuna sisi wa kunyoa vichwa ambao kazi yetu ni kutoa sadaka ili wale wafanye kazi yenyewe.

Sasa Ijumaa moja nimekaa nje ya kibanda umeme hamna tangu alfajiri, nikaona mjukuu wa Mwinjilisti anakuja mbio. Jina la Mwinjilisti nitaliacha, familia ipo bado. Ndiye aliyenifundisha kipaimara, na wakati huo alikuwa ameshastaafu na kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia, mkono hauinuki. Mtoto akanipa ujumbe kama alivyotumwa: mchungaji anakuja kesho kumletea babu Chakula cha Bwana nyumbani, na babu amesema hapokei Meza ya Bwana akiwa na ndevu kama beberu. Nikamwambia kamwambie babu umeme hakuna. Mtoto akasema babu alijua utasema hivyo, amesema yeye ameanza kunyolewa kabla umeme haujafika Machame.

Haya, ungejibu nini hapo. Nikachukua wembe mpya, sabuni, brashi, spiriti na taulo, nikapanda.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje, pembeni ya migomba, mdomo umevutwa upande mmoja. Shikamoo Mwinjilisti. Marahaba baba, umechelewa. Mama yake nyumbani, yani mkewe, akaleta maji ya moto kwenye beseni, nikaanza kumpaka sabuni, na hata sijamaliza shavu la kwanza mzee akafungua darasa. Kumbuka anaongea kwa shida, neno linatoka nusu, unasubiri nusu nyingine.

"Utupe leo riziki yetu. Maana yake nini?"

Waliopita kipaimara cha Kilutheri wanajua hilo swali. Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, tuliikariri mpaka tunaiota, na ombi la nne la Baba Yetu, hilo la riziki, lina ile orodha ndefu. Nikaanza kuimwaga huku napaka sabuni: chakula na kinywaji, mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mke mwema, watoto wema, serikali njema, hali njema ya hewa, amani, afya, marafiki wema, majirani waaminifu. Niliruka baadhi lakini hakunikatiza mpaka nikamaliza, akanirudisha nyuma.

"Hali ya hewa umesema?"

"Ndiyo."

"Mvua haikunyesha, bwawa halina maji, mashine yako haizunguki. Sasa mashine yako imo kwenye Baba Yetu au haimo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu kama zamani pale darasani, na mi kwa kweli nilikuwa sijawahi kuipeleka hiyo sala hadi bwawani. Kusali kwa ajili ya mkate sawa, viatu sawa japo nilishangaa tangu utotoni viatu vinatafuta nini kwenye sala, lakini mashine ya kunyolea? Nikasema imo. Akasema, na viatu pia kuna mtu anavishona, na ndevu kuna mtu anazinyoa, wewe ulidhani Mungu anazishusha hizo riziki kwa kamba?

Nikashika wembe. Hapo akanishika mkono kwa ule wa kushoto uliokuwa mzima, akaniambia subiri kwanza. Akanisimulia kwamba Luther huko Wittenberg alikuwa na kinyozi wake, anaitwa Petro, na huyo Petro alimuuliza mtu anasalije. Luther, msomi na daktari wa Maandiko, akakaa akamwandikia kinyozi barua ndefu, mwaka 1535, na humo ndani akamwambia angalia kazi yako mwenyewe, kinyozi mzuri anaweka akili na macho yote kwenye wembe na nywele, akianza kupiga soga na kuangaza huku na huku atamkata mteja mdomo, au pua, au hata koo. Na sala inataka hivyohivyo, moyo mzima uwe pale.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo nyamaza unyoe."

Sasa niwaeleze kitu kuhusu kunyoa mtu aliyepigwa kiharusi. Shavu la upande ule limelala, ngozi haina upinzani, ukipitisha wembe hivihivi inajikunja mbele yake na unakata. Inabidi uivute kwa vidole viwili kuelekea sikioni, uipe mvuto kidogo, upitishe kipande kifupi, usuuze wembe, uvute tena. Chini ya mdomo ndo pabaya zaidi maana mate yalikuwa yanamtoka upande ule bila yeye kujua na sabuni inayeyuka, unafuta kwa taulo, unapaka upya, unaanza tena. Mtu mzima, aliyetusimamia na fimbo mlangoni, yuko mikononi mwako kidevu juu. Kwenye kibanda changu kidevu nilikuwa namaliza dakika kumi huku nabishana Simba na Yanga. Pale sijui nilitumia muda gani, na hakuna kilichokuwa kichwani zaidi ya sentimita ile ya ngozi iliyo chini ya wembe. Hata tone moja la damu halikutoka. Sikutamka sala yoyote, na mpaka leo mtu akiniuliza ni lini nimewahi kusali vizuri huwa naitaja ile asubuhi, wengi wanadhani natania.

Mwisho wa yule Petro mzee hakunisimulia, nilikuja kuusoma mwenyewe baadaye sana. Mwaka uleule wa 1535, mkesha wa Pasaka, yuko mezani na familia, kinywaji kimeshapanda, akamchoma kisu mume wa binti yake akafa. Luther na wenzake walimwombea huruma na hakunyongwa, akafukuzwa mji na mali zikapotea. Nilipoisoma niliwaza mzee aliificha makusudi, maana nani anamwambia kinyozi habari za visu wakati wembe uko shingoni kwake. Ila kwangu barua ile ikawa nzito zaidi kwa sababu hiyo. Haikuandikiwa mtakatifu, iliandikwa kwa fundi wa mtaani ambaye miezi michache tu mbele alikuja kuharibu kila kitu.

Turudi kihambani, pale kwenye migomba ya mzee. Nikamfuta, nikampaka spiriti, akakunja uso upande mmoja tu, nikampa kioo. Akajiangalia muda mrefu. Akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia Mwinjilisti jamani, wewe nikutoze?

Alikasirika kweli. Akaniambia mtenda kazi anastahili ujira wake, au unataka kesho nimwambie mchungaji kwamba nimemdhulumu kinyozi siku moja kabla ya Meza ya Bwana? Nikasema basi, ndevu ni mia tatu.

"Mia tatu na umeme?"

"Ndiyo bei yake."

"Umeme hukutumia. Mia mbili."

Mama akapaza sauti kutoka jikoni ampe kijana hela yake, uso umekuwa kama wa bwana harusi. Tukavutana, na mwisho akahesabu mia mbili na hamsini, sarafu moja moja kwa ule mkono wa kushoto, akaniambia wiki ijayo nije kumnyoa kichwa, ila bei tuelewane kabisa kabla sijafungua begi.