Pikseli sitini kwenda chini

Juzi umeingia ujumbe wa mteja: kazi nzuri, ila jina lishuke kidogo tu. Hayo maneno "kidogo tu" yamenirudisha kwenye video ya utambulisho wa kipindi fulani, iliyotengenezwa kwa After Effects, programu ya kuhuisha picha za video; faili lake lilitufikia likiwa limeshapita mikononi mwa watu wengine.

Agizo lilikuwa fupi. Kompozisheni, yaani turubai ya video, ya pikseli 1920 kwa 1080. Nembo, jina, mstari na kivuli vishuke pikseli 60. Picha iliyotulia ungeishusha mara moja. Lakini hapa kila leya, yaani tabaka la picha, ilikuwa na vifremu vyake vya Position, alama za wakati zinazosema leya iwe wapi: nembo inaingia kutoka kushoto, inasita, inatua katikati.

Na aliyetutangulia alikuwa ameshajaribu kuishusha. Ilionekana aliburuta nembo kielekezi cha muda kikiwa kati ya vifremu viwili. Saa ndogo ya Position, ile swichi ya kurekodi mabadiliko, ikiwa imewashwa, After Effects haikuulizi unataka nini: ukiisogeza leya, kifremu kipya kinaandikwa palepale. Nembo ikawa inaanza juu, inazama katikati ya safari, kisha inapanda tena hadi mahali pake pa zamani. Kwa kawaida kifremu kipya cha mahali huja na mpindo, kwa hiyo njia ilivimba kwa pande zote mbili za pale alipoigusa.

Kaka mkubwa wa chumba chetu cha uhariri alivuta kiti akakaa kando yangu. "Picha usiiguse bado, mdogo wangu. Gusa jina la Position."

Sekunde zile bado naziona. Alifuta kile kifremu cha katikati. Akachagua nembo, akabonyeza P kuonyesha Position, kisha akabofya neno Position lenyewe. Vifremu vyote vikawaka kwa pamoja. Akabonyeza J ili kielekezi kirudi kukaa juu ya kifremu kimojawapo. Hatua hiyo wengi huiruka, na hapo ndipo kifremu cha ziada kinapozaliwa. Kisha akaishika namba ya wima akaiburuta taratibu, na njia nzima ikashuka bila kubadili umbo. Nikamwuliza, "Kaka, kwa nini usiandike namba tu?" Akaniambia nijaribu. Nilipoandika, vifremu vyote vilichukua thamani ileile na mwendo wa wima ukafa. Ukiburuta, kila kifremu kinaongezwa kiasi kilekile. Ukiandika, vyote vinalazimishwa kuwa kitu kimoja. Akarudisha nyuma, akanionyesha pia vishale vya kibodi: Shift na kishale cha chini husogeza pikseli 10, kwa hiyo mara sita zinatosha. Ila picha iwe imekuzwa asilimia 100, kwa sababu hatua hizo hupimwa kwa ukubwa unaouona kwenye skrini. Ukiwa kwenye asilimia 50, umeshuka mara mbili ya ulichokusudia.

Leya zilizobaki hatukuzishughulikia moja moja. Alifungua Layer, New, Null Object, yaani leya tupu; leya hiyo haionekani kwenye video ya mwisho na inazaliwa katikati, 960 kwa 540. Akazifunga leya nyingine kwake kupitia safu ya Parent, inayoifanya leya moja kuwa mzazi anayefuatwa na nyingine, bila kushika Shift, maana ukiishika leya inaruka kumfuata mzazi. Namba za Position zikabadilika papo hapo. Hilo lisikutishe: sasa zinahesabiwa kutoka kwa mzazi, na kwenye skrini hakuna kilichohama. Kisha 540 ya leya tupu ikawa 600. Kazi ikaisha.

Isipokuwa sehemu mbili, na ninaziandika kwa sababu ndizo zinazoharibu kazi za watu. Kivuli kilikuwa tayari mtoto wa jina. Leya ina mzazi mmoja tu, hivyo ukikifunga kwenye leya tupu umekikata kutoka kwa jina, na mwendo wake unapotea. Funga wazazi wa juu tu, watoto watafuata. Ya pili ni leya ya marekebisho ya rangi iliyofunika fremu nzima. Hiyo iache. Ikishuka 60, ukingo wake wa juu unashuka nao, na unabaki ukanda wa pikseli 60 ambao rangi yake haijarekebishwa, mwembamba kiasi cha kupita machoni hadi video iwe hewani.

Mwisho tulitofautiana. Kaka alitaka kuzifungua leya na kufuta ile tupu. Ukiondoa mzazi aliyetulia, programu inapiga hesabu upya, vifremu vinabeba mahali papya, na anayefuata anakuta faili safi. Mimi nilitaka ibaki, ili agizo jingine la "kidogo" likija tubadilishe namba moja. Tuliifuta, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

Kwa kazi ya juzi nimeiacha. Lakini faili hilo wiki ijayo linakwenda kwa mhariri mwingine, na sijaamua kama ni wema kumwachia mzazi asiyeonekana, hata nikimpa jina linalosomeka na rangi yake kwenye orodha ya leya.