Nilivyookoa lengalenga zangu Maine

Nilikodi shamba nje ya Lewiston, jimbo la Maine, kwa sababu ya lengalenga, yaani mchicha. Sisi tuliotoka Kongo tunajua mboga hiyo ilivyo adimu Marekani. Kumbe tangu miaka ya 1970 mashamba mengi ya huku yalimwagiwa tope la majitaka kama mbolea, likiwa na PFAS, kemikali hatari za florini zilizowekwa kwenye vikaango na makoti ya mvua.

Ushauri niliopewa unaniudhi hadi leo. "Ndugu, tia chokaa, pumzisha ardhi mwaka mmoja." Chokaa huondoa uchachu wa udongo tu. Ndani ya PFAS kaboni imeshikana na florini, na haiachi kwa chokaa wala kwa miaka. Mwingine akasema nichemshe maji ya kisima! Maji ndiyo yanayopaa, kemikali inabaki sufuriani, tena imekolea.

Sampuli za kwanza za udongo nilichukua mvua ikinyesha. Dada wa maabara akaniuliza nilikuwa nimevaa nini. Koti la mvua. Akaniambia nianze upya, maana kipimo kinanasa hata chembe zinazotoka kwenye koti. Nikarudi siku kavu na fulana kuukuu ya pamba, bila losheni mwilini, na sepetu ya chuma cha pua.

Kila sampuli ilikuwa kama dola 400, sikutaka kubahatisha. Nikamwendea mzee jirani, aliyezaliwa palepale. Sikumuuliza kama tope lilimwagwa. Nilimuuliza lori la tope lilikuwa linageuzia wapi. Akanionyesha kwa kidole ukuta wa mawe upande huu wa kijito: lori halikuvuka kijito hata siku moja, lingezama. Nikapima kingo zote mbili. Mzee alisema kweli! Upande wa lori ulikuwa umechafuka, ng'ambo karibu hamna kitu.

Lengalenga nikazihamishia ng'ambo, kwa kuwa mboga za majani hunyonya kemikali hizi kuliko punje. Upande wa ukuta, kule lori lilikopita, nikapanda mahindi, nikapima punje kabla ya kuuza. Mabua siwapi mbuzi kamwe. Kisimani nimefunga chujio la mkaa. Ukifunga lako, mbane fundi akuambie lini mkaa utabadilishwa, kwani ukishiba hauzuii tena.

Mwaka 2022 jimbo lilipiga marufuku tope hilo mashambani na kutenga dola milioni 60 kwa wakulima walioathirika. Ombeni msaada mapema, msinisubiri mimi niwasimulie.

Jumamosi iliyopita lengalenga ziliisha kabla ya saa nne asubuhi.