Injini Ikifa Juu ya Jangwa la Nevada

Watu wa nyumbani Mombasa wakisikia naishi Reno, jimbo la Nevada, Marekani, huniuliza kuhusu kasino. Kasino zipo, kila kona. Lakini kilichoniteka mimi ni ndege za zamani zilizokuwa zikishindana hapa kila Septemba, kwenye uwanja wa Stead, jirani na maghala wanakofanya kazi wahamiaji wengi. Mashindano hayo yalianza 1964 na yalifanyika Reno kwa mara ya mwisho 2023, kisha yakahamia Roswell, New Mexico, mwaka 2025. Nimeyapenda na nimeyaogopa kwa kiasi kilekile.

Daraja la juu kabisa lilikuwa la ndege za Vita vya Pili vya Dunia na zile zilizofuata muda mfupi baadaye: P-51 Mustang, Bearcat, Sea Fury. Zilizunguka nguzo zilizosimikwa jangwani zikiwa chini mno, na zile zenye kasi kuliko zote zilikaribia au kupita kilomita 800 kwa saa.

Kasi hiyo inatoka kwenye injini iliyobebeshwa mzigo ambao waliounda hawakuukusudia. Mustang hutumia injini ya Merlin ya silinda 12, lita 27. Wakati wa vita ilitoa nguvu ya farasi kama 1,500. Mafundi wa mashindano huivusha 3,000. Hufanya hivyo kwa kutumia supachaja kushindilia hewa nyingi zaidi kwenye silinda, na hewa ikibanwa hivyo inachemka. Joto likizidi, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Ili kulizuia hilo, humwagiwa ndani maji yaliyochanganywa na methanoli. Maji hayo yakikatika injini ikiwa inavuta kwa nguvu zake zote, sekunde chache zinatosha kutoboa pistoni. Mafundi hung'oa hata konrodi za Merlin, yaani vyuma vinavyoshikilia pistoni na kuzungusha injini, na kuweka za Allison, injini ya Kimarekani, kwa kuwa ni imara zaidi. Hata hivyo konrodi hukatika, na ikikatika hupasua ubavu wa injini na kutokea nje. Oili moto hutapakaa kwenye kioo cha mbele, na rubani haoni tena anakokwenda.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyewahi kuwa fundi wa timu, ndiye aliyenielewesha kwamba kuzima kwa injini peke yake hakumuui rubani. Akiwa mwendo wa kilomita 800, ana akiba: anavuta usukani, ndege inapanda mamia ya mita, na kasi inageuka kuwa kimo. Kwanza anapanda na kutoka kwenye msafara, ndipo anaita "Mayday", wito wa dharura, redioni. Huko juu ana muda wa kuchagua njia ya kutua. Anayeng'ang'ania mbio kwa sababu injini inakohoa tu, bado haijazima, ndiye anayeitumia akiba yote akiwa chini.

Kinachonitisha zaidi ni propela. Kwenye ndege nyingi za aina hii, pembe ya mapanga yake huendeshwa kwa presha ya oili. Oili ikiisha, mapanga hulala bapa, yakaukabili upepo kama ukuta, na ndege iliyokuwa ikielea vizuri inaanza kuzama. Mwaka 1979 rubani Steve Hinton alikuwa akirusha Red Baron, Mustang iliyofungwa injini ya Griffon na propela mbili zinazozunguka kinyume. Injini ilikufa, presha ya oili ikapotea, na seti zote mbili za mapanga zikalala bapa. Hakuifikia njia ya kutua. Ndege ilianguka kwenye mawe ikavunjika vipande na kuwaka moto, naye akatoka hai, amevunjika mgongo na mguu.

Wengine husema ndege hizi zikae makumbusho. Naielewa hoja yao, maana Merlin hazitengenezwi tena na kila inayopasuka imepunguza zilizobaki duniani. Mimi bado nataka ziruke, ila kwa sharti moja: rubani asilaumiwe wala kuchekwa kwa kujitoa mapema. Timu inayomnung'unikia rubani aliyepanda kwa sababu ya mtikisiko mdogo inamfundisha kusubiri mara nyingine.

Hinton alirudi hewani. Kwa miaka mingi baadaye ndiye aliyerusha ndege ya kuongoza msafara pale Stead, kisha akabaki juu akizunguka. Rubani yeyote akiita "Mayday", Hinton alimfuata, akamkagua kwa nje na kumweleza redioni kama magurudumu yameshuka.