"Nimeridhika sana mwanangu"

Jana nilimpeleka mama kliniki ya sukari. Saa kumi na mbili asubuhi tuko kwenye foleni, daktari tukamwona saa sita, dakika nne tu. Tukiwa dirisha la dawa akaja binti na karatasi: "Mama, umeridhika na huduma?"

"Nimeridhika sana mwanangu, Mungu awabariki."

Nikamgeukia. Huyu huyu aliyelalamika foleni nzima! Akaninong'oneza, "Nikisema vibaya, mwezi ujao dawa nitapewa na nani?"

Kuna dodoso la Marekani la wagonjwa wa maradhi ya kudumu kama sukari, liitwalo PACIC, la mwaka 2005, maswali 20. Haliishii kukuuliza kama umeridhika. Linauliza miezi 6 iliyopita ulifanyiwa nini: ulishirikishwa kuchagua matibabu? Uliulizwa malengo yako? Ulitafutwa baada ya kliniki kujua unaendeleaje? Unajibu kuanzia 1 (karibu kamwe) hadi 5 (karibu kila mara).

Usiku nikamsomea mama kwa Kiswahili changu. La kutafutwa baada ya kliniki alicheka mpaka akakohoa. La malengo akanyamaza, akawa anasugua kidole cha mguu kile chenye ganzi.

"Mimi nataka tu kurudi shambani. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hata mimi sikuwahi, jamani.