Saa nane maji yakupwa, saa kumi mimi na raba zangu: siku moja hapa Amu

Saa kumi na moja alfajiri, adhana haijaisha, nasikia kandambili za Mama kwenye ngazi, pa, pa, pa, anapanda darini kuangalia kama maji yameingia kwenye tangi. Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa mmoja wa hapa Amu (yaani Lamu), ya mawe, nyembamba imekwenda juu kama nyingi za huku, na kutoka daka la mlangoni hadi darini ni vidato 34, nimevihesabu, hakuna viwili vilivyolingana. Mama ana miaka 68 na goti moja la kulalamikia lakini hii safari ya darini hamwachii mtu. Nikimwambia Mama ngoja nipande mimi ananiuliza wewe utajua kusikiza tangi? Basi namwachia, nasali, naweka chai.

Mimi kazi yangu ni ya kukaa. Transkripsheni, yaani natumiwa sauti za mikutano na mahojiano nazigeuza maandishi, nalipwa kwa dakika ya sauti sio kwa saa nilizokaa, na yeyote aliyeifanya anajua saa moja ya sauti inakula kama saa nne za mtu, na watu wakiongea kwa pamoja ndio usiseme. Mwaka jana nyonga na mgongo vikaanza kunidai, daktari akanambia dawa ya kwanza ni kuinuka kwenye kiti, ndio nikaingia kwenye hii habari ya kuhesabu hatua na simu, elfu kumi kila siku, na nikifika elfu tisa na mia nane usiku naranda chumbani kama mtu aliyepoteza hereni.

Saa kumi na mbili unusu kijana wangu wa miaka minane kaamka, kiatu kimoja hakionekani (kilikuwa ndani ya kidaka cha ukutani, usiniulize), mahamri mawili na mbaazi za jana, saa moja kasorobo yuko njiani na wenzake. Hapo kabla sijakaa namuuliza Mama swali langu la kila siku, leo maji vipi? Niliwahi kupakua jedwali la maji kujaa na kupwa kwenye intaneti, zuri kweli, lina dakika na sentimita, lakini Mama anahesabu kwa mwezi na bado hajanikosesha. "Leo mwezi ishirini. Mai yatakupwa saa nane, ukenda alasiri utapata ndia." Maana kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo matembezi yangu ya Shela, kijiji jirani hapa pwani, nayo yanahama hama, siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, yanajaa jioni saa kumi kumi hivi na hapo ukitaka kupita pwani ya Shela ni lazima uende asubuhi, yaani mteja anataka kazi asubuhi na bahari inanitaka asubuhi hiyo hiyo. Leo afadhali.

Saa mbili niko darini chini ya makuti, laptopu kwenye meza ya kukunja, hedifoni masikioni. Kazi ya leo ni mkutano wa wafugaji wa kuku, dakika 48, na sheria za mteja ni lazima uandike na zile sauti za nyuma kama zinaziba maneno. Kufika dakika ya 20 nimeshaandika "jogoo anawika" mara kumi na moja. Kuna baba mmoja kila akitaka kusema bei ya chakula cha kuku jogoo anamkata, nimerudisha nyuma mara saba na mpaka sasa sijui ni elfu mbili mia tatu au mia nane. Halafu punda wa chini kwenye kichochoro akalia nami nikaandika "punda analia" kabla sijashtuka kwamba huyo ni wa kwetu, hayuko kwenye mkutano.

Saa nne naweka kengele ya kuinuka. Na hapa ndipo penye raha ya siku, wallahi. Wiki iliyopita nikitafuta mazoezi ya mgongo nimeangukia video ya Wajapani, wazee kwa watoto, wamesimama uwanjani asubuhi wanainua mikono, piano inapigwa na mtu anahesabu. Inaitwa rajio taiso, mazoezi ya redioni, wameanza kuyarusha tangu 1928 na mpaka leo watu wanayafanya, dakika tatu na kitu tu, hakuna kulala chini wala kuruka sana. Nikamwonyesha Mama nikidhani atacheka. Akafunga leso kiunoni. Sasa kila saa nne namkuta keshasimama kiwandani chini, yaani uani, ananingojea, na Shangazi naye anakuja kwa wikio, maana nyumba yake na yetu zimeungana juu ya kichochoro na yeye mlango wa chini hautambui kabisa. Siku ya kwanza Shangazi alisimama mlangoni na bilauri ya chai akaisikiliza ile piano mpaka mwisho akauliza, "Sasa hini ni ngoma gani haina msondo?" Leo anayajua kuliko sisi. Pale pa kuzungusha kiwiliwili anazunguka na mtandio unamfuata, Mama anamwambia punguza utagonga mtungi, Shangazi anajibu huo mtungi ndio usogee. Goti la Mama linamkataza vile vijiruko vya karibu na mwisho, basi anapiga makofi badala yake, yuko kwenye mdundo kabisa.

Saa tano nikateremka sokoni pale ubavuni mwa Ngome. Nilikuwa na haraka, nataka nazi mbili, nyanya, mchicha, changu wawili, na mfuko wa unga wa ngano wa kilo 24 Mama kaagiza kwa ajili ya arusi ya mtoto wa Shangazi. Unga siubebi mimi. Kuna kijana na punda wake anayetupelekea vitu, nikampa unga na kikapu kimoja, nikabaki na kingine, nikampitia fundi wa cherehani kuchukua sare ya shule. Kufika kwa fundi natia mkono mkobani, simu hakuna. Kijasho kikanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikarudi sokoni, kwa wa nyanya hakuna, kwa wa samaki hakuna, mpaka nikakumbuka niliitumbukiza kikapuni nikilipa. Kikapu gani? Cha punda.

Nikakimbia nyumbani, punda hajafika. Kumbe kijana alikuwa na mifuko ya saruji ya mtu wa Langoni akaona aimalize hiyo kwanza, halafu akapanda Gadeni na mzigo mwengine, ndio akateremka kwetu. Ilipita kama saa nzima. Mama hana wasiwasi, anakuna nazi, ananiambia punda wa Amu hapotei. Alipofika nikaingiza mkono kikapuni, simu iko chini ya changu, imelowa maji ya samaki, inawaka taa. Jumbe tatu za mteja wa Uholanzi, ya mwisho anauliza kama bado nipo. Na juu ya zote programu ya hatua inanipongeza, hatua 6,212 na hata adhuhuri haijaingia. Asubuhi niliiacha kwenye mia tisa hivi. Sijui hesabu ya miguu minne inakwendaje kwenye simu lakini ile kazi ameifanya yeye, na nikampa ganda la tikiti.

Adhuhuri, kisha wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa mchicha, kachumbari. Naruka hapa kwa sababu nilikula nikijibu jumbe, na Mama akaninunia, ana haki.

Saa nane stima ikapotea. Laptopu ina asilimia 38. Sauti imebaki dakika 17, nikasema nitaimaliza usiku, nikazima nikajilaza kwenye mkeka msanani, ukumbini kunako upepo, na hapo ile pongezi ya punda ikanirudia, nikataka kujua hii elfu kumi aliyeipanga nani. Daktari? Shirika la afya? Nikasoma kwa bando la mwisho mwisho. Kumbe 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kidude cha kufunga kiunoni cha kuhesabia hatua, wakakipa jina Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina la kuuzia! Ndilo limenifanya mimi nirande chumbani saa tano za usiku miezi minane hii. Nikaendelea nikaona utafiti wa 2019 wa I-Min Lee na wenzake huko Marekani, walifuatilia wanawake watu wazima zaidi ya 16,000, wastani wao miaka 72, wakaona wale wa hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wale wa 2,700, na kadiri hatua zinavyozidi ndivyo hali ilivyokuwa nzuri mpaka kwenye 7,500 hivi, baada ya hapo haikuongezeka kitu. Na Shirika la Afya Duniani wala halitaji hatua, lenyewe linasema mtu mzima ajitahidi dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho kidogo.

Nikamsomea Mama. Akasikiza mpaka mwisho, mkono uko kwenye mchele anachagua, akasema, "Basi hizo elfu kumi zako ni za duka." Halafu akataka nimfungie simu kwenye pindo la leso mpaka kesho tujue zake ni ngapi. Nikamwambia Mama simu ina bando na bando lina mteja, tungoje Ijumaa.

Alasiri nikavaa raba, buibui juu, kijana yuko chuoni, madrasa, Shangazi akasema naye anakuja. Tukashika njia ya pwani, Mkunguni wazee washakaa na kahawa zao, tukapita Langoni, tukapita hospitali, pale mji unaanza kukuacha na upepo wa kusi unakupiga wa uso. Maji yalikuwa mbali kweli, mchanga mgumu, mguu hauzami, vyombo vimelala ubavu na wavulana wanakwangua kimoja chini. Mwendo wa Shela kwetu ni dakika 45, Shangazi akiwa na habari inakuwa saa. Leo alikuwa na habari.

Tulipofika Shela tukakaa mchangani tule mabuyu, nikamhadithia ya punda na vile nimesoma juu ya Manpo-kei, yeye akanihadithia vita vya Shela kama vile alikuwepo. Hivi tunavisikia tangu utotoni: mwanzo mwanzo wa miaka ya 1810 watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa walishuka hapa kuja kuipiga Amu, wakashindwa, wakarudi mbio kwenye vyombo vyao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga haviendi popote. Ikawa ndio mwisho wao. Baada ya hapo Amu ikataka ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na Ngome ikamalizwa 1821, hiyo hiyo ninayonunua nyanya ubavuni mwake. Shangazi akapukuta mchanga kwenye leso akasema, "Hawakuuliza mwezi ngapi."

Sisi tuliuliza lakini tulijisahau. Tunainuka ni karibu saa kumi na mbili na maji yanarudi kwa kasi, pale penye ukuta yameshaanza kulamba mawe, raba mkononi, mabuibui tumeyapandisha, Shangazi anapiga kelele kila wimbi dogo na kucheka mpaka anashika ukuta. Kuna boti zilikuwa zinapita, nahodha mmoja akatuita shangazi twende, Shangazi akajibu hatutaki, tuko mazoezini.

Magharibi tukaisalia nyumbani na miguu ya chumvi. Stima imerudi. Kijana hesabu za kugawanya, kaimati za Mama, saa mbili unusu maji yamejaa kabisa nami niko darini tena na wale kuku wangu. Nimemaliza saa nne na robo, ile bei nikaandika "haisikiki" nikaweka dakika yake. Nikatuma. Nikaangalia simu, hatua 15,870, nikajaribu kuzitoa za punda nikaacha, hata sijui alianza na ngapi.

Kabla sijalala ujumbe wa sauti wa Shangazi, anaongea kwa kunong'ona kana kwamba hatutenganishwi na ukuta mmoja, ati nimtumie ile video ya piano aitie kwenye grupu ya arusi, kesho kuna wanawake thelathini wanakuja kuchagua mchele na watakaa chini kutwa. Nimemtumia. Simu bado inanuka changu.