Seagull 1963 na Omega Speedmaster: tofauti ya bei imekaa wapi?

Wengi hudhani kronografu, yaani saa ya mkononi yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha, ikiwa ya bei kubwa lazima ndiyo yenye mtambo tata zaidi. Hapa ni kinyume. Seagull 1963, ya dola mia chache, ina gurudumu la nguzo: kila ukibonyeza kitufe linageuka hatua moja, na vyuma vinavyoendesha kronografu hupanda juu ya nguzo au kutumbukia katikati yake. Speedmaster Professional, ya maelfu ya dola, hutumia kamu, kipande bapa cha chuma kinachosogea huku na huku. Kamu ni nafuu kutengeneza na ni imara. Kwa hiyo usinunue Seagull ukidhani umepata Omega kwa kuwa tu ina nguzo.

Mtambo wa Seagull, ST19, una asili ya Venus 175, mtambo wa Uswisi. Seagull na Speedmaster zote hutiwa ufunguo kwa mkono, na zote hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kwa sekunde. Klachi zao, sehemu zinazounganisha kronografu na mtambo wa saa, pia hukutanisha meno kutoka ubavuni, ndiyo maana mshale mrefu wa sekunde za kronografu huruka kidogo unapoanza. Huo si ubovu. Ubovu ni mshale kutetemeka njia nzima: springi inayoukandamiza imelegea, au meno hayajashikana vizuri. Fundi hurekebisha kina cha meno kwa skrubu ndogo. Yakizama mno, kronografu hula nguvu ya saa hadi isimame.

Fedha za Omega zimekwenda kwenye utunzaji wa majira. Kaliba 3861, mtambo wa Speedmaster, ina nywele (springi nyembamba inayoongoza mapigo ya saa) ya silikoni, hustahimili sumaku ya gauss 15,000, na hupimwa isipoteze hata sekunde moja kwa siku wala kuzidi sekunde 5. Ukiijaza hukaa saa 50. ST19 haina kinga hiyo. Ikilazwa karibu na spika, mizunguko ya nywele yake huweza kunasana na saa ikakimbia mbele kupita kiasi. Usikimbilie kuifungua; kifaa cha kuondoa sumaku hulimaliza jambo hilo kwa sekunde chache.

Tofauti utakayoiona kila siku ni vihesabio. Seagull huhesabu dakika 30 tu, kisha mshale mdogo huanza upya: dakika 10 na dakika 40 zinafanana kabisa. Speedmaster ina kihesabio kingine, cha saa 12. Kwa anayepima mambo marefu, hilo pekee linatosha kuamua.

Ukiwa dukani, itie saa ufunguo hadi uhisi ugumu, kisha uache. Anzisha kronografu, simamisha, rudisha, mara 10. Mshale lazima urudi 12 kamili kila mara. Ukikosea kwa kiasi kilekile kila mara, umebandikwa vibaya, kazi ndogo kwa fundi. Ukirudi pengine kila mara, umelegea kwenye mhimili wake, au nyundo inayourudisha haikazi kwenye kipande chenye umbo la moyo kilicho kwenye mhimili huo. Hiyo iache hapohapo. Kisha iache kronografu ikimbie dakika 31, uone kama kihesabio kinavuka 30 bila kukwama.

Vitufe visibonyezwe ndani ya maji, hata kwenye Omega iliyoandikwa kuwa inastahimili maji hadi mita 50.